Bi. Generosa Sila Ashuka Mnarani

Tarehe 30 Juni 1998 Bi. Generosa Sila anastaafu, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, kumi na minane kati yake katika mnara wa kuongozea ndege hapa Dodoma.

Alianza kama karani wa hali ya hewa, akasomea uongozaji wa ndege, akahamia kwetu mwaka 1980. Redioni aliwaita marubani wote "mwanangu", wenye mvi wakiwemo. Rubani mmoja mgeni aliliandika neno hilo kwenye fomu, akidhani ndilo jina la kituo.

Biashara ya anga ilipofunguliwa kwa watu binafsi, ndege za kukodi ziliongezeka, na shule moja binafsi ya urubani ikaanza kuleta wanafunzi wake hapa kwa mazoezi. Ndipo likatokea la Oktoba 1994.

Mchana huo Eliakimu, kijana wa miaka ishirini na moja, alikuwa anarusha ndege peke yake kwa mara ya kwanza. Akiwa anatua, upepo wa ubavuni ulimsukuma. Ndege ikagonga njia ya kutulia, ikadunda, kisha ikadunda tena juu zaidi. Mwalimu wake, Kapteni Charles, alikuwa mnarani na kipaza sauti mkononi, lakini sauti ilimkauka. Bi. Generosa akakichukua.

"Usisukume pua chini, mwanangu. Ongeza nguvu yote, upae tena."

Akapaa. Dakika hiyohiyo ndege ya kukodi iliyombeba kigogo mmoja, aliyekuwa akichelewa mkutano, iliomba kutua. Bi. Generosa aliiamuru isubiri angani.

"Siwezi kutua, mama," Eliakimu alisema.

"Mafuta unayo ya saa nzima. Zunguka kwanza. Ukiwa tayari, niambie."

Mara ya pili alighairi mwenyewe. Mara ya tatu magurudumu yalishika njia, yakatulia. Kijana alishuka, akatapika kando ya ndege, kisha akapanda ngazi za mnara kuja kumwamkia. Kigogo alikuwa amezungushwa dakika ishirini na sita.

Kesho yake Bi. Generosa alitakiwa ajieleze kwa maandishi. Barua yake ina sentensi mbili: "Mheshimiwa alikuwa na rubani. Mtoto yule hakuwa na mtu." Alipewa onyo, akalipokea bila kunung'unika, na siku ya pili alikuwa zamu kama kawaida. Baada ya miezi minne onyo lilifutwa na utaratibu mpya ukatolewa: mwanafunzi aliye peke yake anapotua, wengine wote wanasubiri. Tangu hapo wanafunzi thelathini na wanane wameruka peke yao kutoka kiwanjani hapa. Wawili walipasua tairi. Wote walishuka kwa miguu yao.

Hapendi habari hii isimuliwe, na bila shaka atatununia.

Kiti chake anakikalia Bi. Anjelina, ambaye Bi. Generosa mwenyewe alimfundisha kwa miaka sita.

Asante, mama, kwa utumishi wako. Tunakuombea afya, na zabibu nyingi katika shamba lako la Hombolo. Ukisikia injini juu yako, endelea kupogoa. Mnarani yupo mtu anayesikiliza.