Profesa Kinnear na Barua Zilizolala Sabato

Ndugu wapendwa mliopita katika chuo chetu hapa St Andrews, hamjambo? Vifua vimeionaje baridi ya mwaka huu? Sisi tu wazima, Bwana ashukuriwe.

Tarehe 30 Aprili 1874, Profesa Hew Kinnear anastaafu baada ya kufundisha fasihi miaka thelathini na mmoja. Mimi Walter Geddie, bawabu wa chuo, ambaye Profesa huniita Wattie, nimepewa heshima ya kumwandikia maneno haya, na nimemwomba Mungu nisiyaharibu.

Alifika mwaka 1843, waumini wa kanisa letu walipogawanyika, na sanduku moja la nguo na matatu ya barua. Kwa barua alikusanya nyimbo za kale kutoka kwa wahunzi, wafumaji na wakamua ng'ombe wa kaskazini. Vitabu vyake vinasomwa hadi Ujerumani. Sisi tunamkumbuka zaidi akikatiza uani, mkate wa shayiri mfukoni, akiimba kwa sauti ya kunguru.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Mchungaji Colin Rattray wa Kirriemuir, rafiki yake wa ujanani. Profesa alitaka nyimbo zichapwe kama zilivyoimbwa. Mchungaji alitaka kuzinyoosha kwanza. Kila walipobishana, Profesa aliandika barua ya hasira Jumamosi, ikalala kwenye rafu ya juu ya meko Sabato nzima, na Jumatatu akanisomea.

"Wattie, nimemkomesha?"

"Umemkaanga, Profesa. Imebaki chumvi tu."

"Basi na iungue barua, nisije nikaunguza urafiki."

Motoni ikaingia. Kirriemuir ikaenda nyingine, fupi, yenye salamu kwa mama watoto.

Januari tulimzika Mchungaji Rattray. Tangu hapo macho ya Profesa yamefifia, na furaha yake pia. Juzi, tukifungasha vitabu, aliketi juu ya sanduku.

"Wattie, watu humwandikia profesa. Hew mstaafu, nani atamwandikia?"

"Acha kudeka, mzee wangu! Wanafunzi wako wamejaa dunia nzima."

"Wamejaa, ndiyo. Mbona mleta barua anapita mlangoni kama hanijui?"

Nilifunga kamba ya sanduku lililofuata.

Profesa wetu, asante kwa kutufundisha kubishana bila kuchukiana. Mungu akupe uzee mtamu na miguu ya kukufikisha kanisani.

Nanyi ndugu, Profesa anahamia Crail, kwa dada yake Bi Grizel, ambaye atamsomea kila kitakachofika. Hata mistari miwili inatosha. Tafadhali, mwandikieni upesi.