Kura ya Hasi Mara Hasi

Miezi ambayo ziwa limefungwa kwa uvuvi, wavuvi wa Rumonge hukosa pa kupeleka maarifa yao, wakayaleta yote kwenye benchi ya kahawa karibu na soko la mawese. Na maarifa ya mvuvi asiye na kazi, Mungu atulinde, hayana mwisho. Asubuhi hiyo aliyemimina kahawa alikuwa Salima, akimshikia shangazi yake birika, macho kwenye karatasi ya aljebra aliyoibana chini ya sinia. Alikuwa katika mwaka wa matayarisho ya uhandisi wa maji, na mtihani wa aljebra ulikuwa umemwangusha, yote kwa alama ya kutoa iliyomponyoka katikati ya mlinganyo. Sesheni ya pili, yaani mtihani wa marudio, ilikuwa Jumatatu, Bujumbura. Akiikosa, nafasi yake imekwenda. Ruhusa ya safari ilikuwa mdomoni mwa baba yake mdogo, Idi fundi cherehani, naye alikaa hapo hapo akingoja kusikia wenzake watasemaje. Hilo ndilo lililomtia Salima hofu, maana benchi hiyo haijawahi kumshauri mtu ajaribu kitu.

— Tuonyeshe kenyewe kalikushinda, akasema Leonidasi. Walimpachika jina la Pedeje, yaani bosi mkuu, kwa kuwa hajapata kuwa na mtu hata mmoja chini yake.

Salima akawasomea: hasi mara hasi ni chanya.

— Hapana, akakata Pedeje. Wavu yangu iko na tundu, ya Boaz iko na tundu. Tukiziunga, itatoka wavu muzima? Haba na haba hujaza kibaba. Itakuwa matundu tu.

Boaz, au Satelite, kwa kuwa habari zote humfikia yeye kwanza, alikuwa na lake. Kwa maelezo yake, wanafunzi wa Bujumbura hutumiwa ile x kwenye simu tangu Jumamosi, wa huku kando ya ziwa wakaachwa waitafute wenyewe. Hapo hakukoma. Akadai Nyanza-Lac yuko mzee anayeiona x ndani ya bakuli la mawese, ila siku hizi macho yanamsumbua.

— Mutafutaji hachoki, akichoka keshapata, akamalizia. Huyu mutoto amekwisha choka. Basi amekwisha pata. Abaki nyumbani.

Pedeje akaitisha kura. Mikono ikapanda: hasi mara hasi ni hasi. Hata Idi akaunyanyua wake nusu, kama mtu anayejikuna sikio. Salima alipouona mkono ule, akaweka birika chini.

— Baba mudogo, hesabu haipigiwi kura.

— Najua, mama. Lakini ikikuangusha tena, watu watasema nini?

— Ziwa lilipanda, likakula jiko yetu. Watu walisema nini? Walisema pole. Mimi nataka kujua namna ya kulizuia.

Kwenye ukingo wa benchi alikaa mama mmoja wa Kivu, Cibalonza, aliyekuja kununua mawese na hakuwa amesema kitu tangu amahoro, ile salamu ya kufikia. Akashusha kikombe.

— Munisamehe, niko mugeni. Kati yenu, nani alianguka mutihani, akarudia?

Pedeje akachungulia kikombe chake. Satelite, ambaye habari zote humfikia, hii haikuwa imemfikia. Salima aliwajua wote: kila mmoja alianguka mara moja, na shule ikaishia hapo. Baba yake mdogo pia, aliyetoka darasani moja kwa moja hadi kwenye cherehani.

Idi akamgeukia Salima.

— Na ukianguka tena?

— Nitarudia.

— Basi Jumapili tunapanda basi wote wawili, akasema Idi, akisimama. Nitakaa pale mulangoni mupaka umalize. Watu wanione.