Bi Sumaku, Fundi wa Kusuka Mota

Wafiwa, majirani, mafundi wenzake na nyote mliokuja kutushika mkono, familia inawaomba mtege sikio kidogo, ili kabla ya kumsindikiza mama yetu tuseme alivyokuwa, bila kumpunguza wala kumpamba.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha kusaga nafaka, akiwa mtoto wa tatu wa baba aliyetia mafuta mashine za kiwanda hicho na mama aliyefua sare za wafanyakazi. Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akaendelea na sekondari, na Januari 1976 akaingia chuo cha ufundi, darasa la umeme, akiwa msichana peke yake. Huko ndiko mwalimu alikopitisha sumaku ndani ya koili ya waya, sindano ya mita ikacheza, wenzake wakainama kuandika, yeye akanyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, na sumaku ikikaa kimya, hakuna njia nyingine ya kuuamsha umeme?" Tangu siku hiyo akaitwa Bi Sumaku, na jina likamganda, hata wamo humu wasiojua kwao aliitwa nani.

Tarehe 2 Julai 1979 aliajiriwa katika kiwanda cha mablanketi, kazi yake ikiwa kusuka upya waya za mota zilizoungua. Mwaka 1983 fundi cherehani mmoja kijana alimpelekea mota ya cherehani iliyokuwa ikitoa moshi, akarudi kuiulizia, akarudi tena hata ilipokwisha kupona, mpaka wafanyakazi wenzake wakawa wanasema kwamba mota ni nzima, aliyeungua ni mwenye mota. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984, wakajaliwa binti ambaye leo ni muuguzi, mwana ambaye ni mwalimu, na wajukuu watano.

Kiwanda kilipofungwa mwaka 1997, marehemu alihamishia vifaa vyake chumba cha mbele cha nyumba, mume akabaki upande wa dirishani na cherehani yake, mke upande wa mlangoni na waya zake, na mumewe anasema hakuna miaka aliyoipenda kama ile, ingawa kila suruali aliyoshona ilitoka na kipande cha waya mfukoni. Hapo ndipo marehemu alipolirudia swali lake la chuoni, akaanza kuunda jenereta ambayo sumaku zake hazizunguki wala koili zake hazizunguki, kinachozunguka ni gurudumu la chuma lenye meno, jino likipita mbele ya koili nguvu ya sumaku inapitia upande huu, jino likisogea inageukia upande wa pili, na huko kugeukageuka ndiko kunakoamsha umeme katika waya. Jenereta ya kwanza ilinguruma tu bila kuwasha hata balbu ya tochi, ya pili ilirusha jino likavunja kioo cha dirisha, mumewe akaokota vipande na kusema, "Haya, mimi nakata vitambaa, mwenzangu unakata vioo."

Ya tatu, mwaka 2009, iliwaka, na mita ikaonyesha kwamba umeme unaotoka umezidi ule wa mota inayoizungusha. Habari haina miguu lakini ilifika mtaa mzima kabla ya jua kutua. Watu walisema umeme wa bure umepatikana, na mkunga wa zahanati ya jirani akaja kuomba mashine hiyo ichukue nafasi ya jenereta yao ya dizeli. Siku ikapangwa ya kuionyesha hadharani. Ila mumewe, aliyekuwa akimjua hata kwa namna anavyoshika kikombe, aliona mke wake hana raha. Marehemu hakuiamini mita, akachukua umeme wa mashine ile akapashia maji ndani ya sufuria, akapima joto, akarudia, akarudia tena, na kila mara maji yalikataa kuthibitisha yale iliyoyadai mita, kwa kuwa umeme ule ulitoka kwa kurukaruka, nayo mita yake ndogo haikuweza kuusoma sawasawa.

Mfanyabiashara mmoja aliyekwisha kuitangaza mashine alimwambia, "Mama, iwashe tu, watu wafurahi, mengine utarekebisha mbele ya safari." Marehemu akamjibu, "Mkunga akipokea mtoto gizani, nitakwenda kumwambia kwamba mita ilinidanganya?" Siku ilipofika alisimama mbele ya viti vilivyojaa, akasema, "Jamani, nimekosea. Mashine hii hairudishi zaidi ya inachopewa, na mkiona ya mtu mwingine inayorudisha zaidi, pimeni kwa kupasha maji." Wako waliocheka, wako waliosonya, mumewe akaanza kukunja viti kimoja kimoja, na usiku ule wote wawili hawakula.

Hakuiacha kazi. Aliifunga jenereta ileile kwenye cherehani ya miguu, mumewe akawa anakanyaga anashona na taa inawaka, naye akilalamika kwamba sasa analipia umeme kwa magoti.

Mwaka 2017 mikono ya marehemu ilianza kutetemeka, na hospitali ikathibitisha kuwa ni ugonjwa wa neva usio na tiba kamili. Aliposhindwa kushika waya, mumewe alikaa kwenye kiti chake akasuka koili kwa maelekezo yake, "Usivute kama uzi, baba, shaba ina hasira." Hali ilibadilika Julai mwaka huu wa 2023, akalazwa, na tarehe 19 Agosti, asubuhi, akafariki dunia, mumewe na binti yao wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mkunga wetu aliyekuwa haachi kuja, majirani mliopika na kuteka maji, mafundi wenzake, na yule fundi wa hospitali aliyekubali kupanda ngazi na kubadilisha beringi za feni ya wodi, kwa sababu mgonjwa wa kitanda cha pembeni aliisikia ikiumwa na akakataa kunyamaza.

Mume wake ameketi hapa mbele, naye ameomba tumsomee sentensi moja, nayo ni hii: "Mke wangu, nilizoea unitangulie kuamka tu."

Pumzika, mama, pumzika kwa amani.