Marehemu Muoki Mbithi na Gari la Kumrudisha Mutomo

Marehemu Mzee Muoki Mbithi alizaliwa tarehe 9 Machi 1954 karibu na soko la Mutomo, Kitui, mtoto wa pili wa hayati Mbithi na hayati Kavinya. Sisi wajukuu tulimwita Umau, yaani babu. Mimi ni binti wa Mutheu, kifungua mimba wake, na niko kidato cha tatu. Nimepewa kazi ya kuandika haya kwa sababu, eti, ndiye niliyemuuliza maswali mengi kuliko wote.

Alianza shule akiwa na miaka kumi, kwani mbuzi walimhitaji kwanza. Alifika darasa la saba na kufanya mtihani wa CPE mwaka 1971. Akapita, lakini karo ya sekondari haikupatikana. Alisema elimu yake yote iliyobaki kichwani ni maneno matano: urefu mara upana mara kina. Nilicheka. Sikujua kwamba ndiyo yangemsumbua uzeeni.

Januari 1973 aliingia Nairobi, akapokewa na binamu yake katika mtaa wa Mbotela, kwenye chumba kimoja ambacho baadaye kilibaki kuwa chake. Alianza kama tanboi, msaidizi wa dereva, wa lori la mikate, na mwaka 1976 akawa dereva. Aliendesha magari ya kampuni kwa miaka thelathini na mitatu na hakuwahi kugonga hata kuku. Alistaafu mwaka 2009 bila kuwahi kumiliki gari.

Tarehe 25 Agosti 1979 alifunga ndoa na Nthoki, ambaye sisi tunamwita Susu, yaani nyanya. Mbuzi wa ntheo, wale wa posa ya Kikamba, walikuwa wamepelekwa kwao mwaka uliotangulia, kila kitu kwa utaratibu. Siku ya harusi Umau aliazima pikapu ya mdosi wake, ikapambwa maua. Wakiwa bado kanisani, pikapu ikaitwa irudi kazini Nairobi. Maharusi walitembea kilomita saba hadi nyumbani, Susu ameshika viatu mkononi. Njiani Umau alimwapia kwamba siku atakayorudi nyumbani kabisa, atamjia na gari lake mwenyewe. Susu anasema wakati huo alikuwa anafikiria miguu yake tu, hata hakusikiliza vizuri.

Lakini Umau aliyasikia maneno yake mwenyewe. Alipostaafu, mizigo yake ilitosha begi moja, na wengi walidhani angepanda basi kesho yake. Hakupanda. Mwaka 2011 alianza kuunda gari nyuma ya nyumba pale Mbotela, chini ya kamba za kuanikia nguo. Fremu aliichomelea kwa vyuma vya mraba, injini akaitoa kwenye gari la zamani lililopata ajali, mabati akayaokota moja moja. Vijana wa mtaa walimwita Nuhu. Walikuwa wakipita wanamuuliza, "Mzee Nuhu, mvua itakam lini?" Naye, bila kuinua kichwa, anawajibu, "Ikija mtaniomba lifti."

Kila Jumapili baada ya kanisa Susu alimpigia simu. Mimi niliwahi kuwa pale chumbani, simu ikiwa imewekwa spika. Susu alisema, "Baba Mutheu, mimi sikuolewa na gari. Panda basi uje."

Umau alicheka, akasema limebaki jambo dogo.

Jambo lenyewe lilikuwa sampu, lile bakuli la chuma chini ya injini linalobeba oili. Fremu yake ilikuwa chini mno, na sampu iligusa chuma cha usukani. Ilibidi aikate ipungue kina. Nilimuuliza, si upunguze tu oili? Aliniangalia kama niliyemwambia apunguze damu. Ukipunguza kina, akasema, unaongeza upana, ujazo ubaki ule ule. Basi akaikata, akaiongezea mbavu pembeni, akachomelea. Kisha akaipaka chaki nje nzima, akamimina mafuta ya taa ndani na kuketi kungoja. Pale chaki ilipolowa, ndipo palipovuja. Alikuwa na kiti kimoja, sahani moja na kikombe kimoja, na angeweza kukaa hivyo mchana wote akiitazama chaki. Mimi nilidhani anatazama chuma. Sasa sijui.

Desemba 2019 sampu ilikauka vizuri, na Umau akashikwa na haraka ya Krismasi. Kijiti cha kupimia oili kilikuwa sasa kirefu mno, kinagota chini. Badala ya kukitia alama upya, alichukua kifupi cha injini nyingine, ambacho alama yake ilikuwa karibu mno na ncha. Kijiti kikasema oili imejaa. Haikuwa imejaa, ilipungua karibu lita mbili. Kwenye kilima kabla ya Machakos oili yote ilikimbilia nyuma, mrija ukanyonya hewa, injini ikakwama. Susu alikuwa ameshachinja jogoo. Umau alirudi Mbotela akivutwa na lori, na hakumwambia mtu yeyote kwa wiki nzima. Sisi tunaoishi Buruburu, mwendo wa dakika ishirini kutoka kwake, tulidhani amefika Mutomo.

Alianza upya, peke yake. Injini nyingine ilimchukua miaka minne. Safari hii aliweka vibati ndani ya sampu ili oili isikimbie. Tarehe 17 Mei mwaka huu wa 2025 alimimina oili kwa chupa ya nusu lita, chupa tisa, akangoja itulie, akachovya kijiti na kukikata alama kwa msumeno. Alama yake mwenyewe. Jirani yake Kweyu, anayefanya kazi kiwandani, alikuwa akianua nguo, na anasema Umau alimwonyesha kijiti kile kama mtu anayeonyesha picha ya mtoto.

Mwezi uliofuata miguu ilianza kuvimba. Moyo ulikuwa umechoka. Mwishoni mwa Agosti, Kweyu ndiye aliyetambua kwamba mlango haujafunguliwa tangu asubuhi, akauvunja na kumpeleka hospitali. Ndipo Susu alipopanda basi yeye, mara yake ya kwanza Nairobi baada ya miaka kumi na minane. Umau alipomwona alisema, "Nilikuwa nakuja." Susu akamjibu, "Najua. Nimechoka kungoja, nimekuja." Alikaa naye siku sita. Mzee Muoki alifariki tarehe 3 Septemba 2025, saa tisa alasiri, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Ameacha mjane, Nthoki Muoki, watoto watatu, Mutheu, Musyoka na Koki, wajukuu watano, na rafiki mmoja, Kweyu, ambaye tunaomba ahesabiwe katika familia. Ameacha pia gari moja, lenye viti viwili.

Jumanne wiki hii Kweyu aliliendesha kutoka Mbotela hadi hapa Mutomo, mimi na mama tukifuata nyuma. Alisimama mara nne kupima oili. Pale Machakos, baada ya kile kilima, alininyooshea kijiti dirishani. Oili ilikuwa kwenye alama.

Tulipoingia uani, Susu alilizunguka gari mara moja. Akauliza kiti chake ni kipi. Kweyu akamfungulia mlango wa kushoto, Susu akaketi, mkoba mapajani, akiangalia mbele. Tulimletea chai ikapoa. Hakuna aliyethubutu kuketi upande wa usukani.

Umau, gari limefika. Lala salama nyumbani kwako.