Haiko kwa Kitabu

NTHENYA: Haloo? Hapa ni zahanati, Kyuso. Naongea na nani?

KIILU: Ni mimi. Mwalimu Kiilu. Uvoo waku, Nthenya?

NTHENYA: Ni museo. Nilidhani hutapiga.

KIILU: Ujumbe wako nimeupata jana. Simu ya shule imekufa, nimeshuka kutoka Nunguni mpaka hapa Salama, kwa barabara kuu, kutafuta kibanda cha simu. Malori ni mengi. Unanisikia?

NTHENYA: Kwa mbali. Hatukukuona kwa mazishi.

KIILU: (anakohoa) Shule ilikuwa na mtihani.

NTHENYA: Sawa.

KIILU: Pole sana, dada. Mbuvi alikuwa—

NTHENYA: Asante. Mwalimu, nina shida ya kompyuta.

KIILU: Kwanza niambie, mama yenu anaendelea aje?

NTHENYA: Anakula. Hata mimi nakula. Naambiwa nilie nitoe uchungu, lakini haitoki. Sasa, hii kompyuta.

KIILU: Haya. Sema.

NTHENYA: Ile orodha ya wagonjwa wa kifua. Ile ndugu yangu alitutengenezea mwaka ule mchwa walikula daftari lote. Imekataa kufunguka. Tangu tuletewe mashine mpya, ukiandika tu jina la programu, kioo kinakwama hivyo hivyo.

KIILU: Na nakala ya karatasi?

NTHENYA: Ya nini? Si mlituambia karatasi ni ya mchwa? (laini inakwaruza) ...Jumatatu Kilonzo anatoka na baiskeli kupeleka dawa. Bila orodha hajui nani yuko wapi. Wengi ni watu wa mifugo, Mwalimu, leo kisima hiki, kesho kile. Wiki iliyopita wamekosa. Daktari amesema wakikosa tena, kuna wenye hatutawaona tena.

KIILU: Ngoja, naongeza shilingi... Haya. Una karatasi zenye Mbuvi aliandika hiyo programu?

NTHENYA: Ziko hapa. Zilikuwa kwa mkoba wake. Walituletea mkoba na kiatu kimoja. Mwalimu? Shilingi zako zinaisha.

KIILU: Tafuta mahali ameandika sifuri, halafu x, halafu tano na herufi D.

NTHENYA: Sifuri, x... Iko. Ukurasa wa tatu. Pembeni ameweka maneno ya Kiswahili.

KIILU: Nisomee.

NTHENYA: "Haiko kwa kitabu. Kiilu ameijaribu, ni sawa." Kiilu ni wewe?

KIILU: Ni mimi.

NTHENYA: Ni nini haiko kwa kitabu?

KIILU: Kompyuta ina mfumo unaoiendesha. Programu ikitaka kitu, inauita ule mfumo kwa nambari. Nifungulie faili. Niambie saa. Hizo nambari zimeandikwa kwa kitabu. Lakini kuna zingine wenye kutengeneza walijiwekea, wanatumia wenyewe. Ukizijua unaita tu, na mfumo unaitika.

NTHENYA: Na zile za kitabu zilikuwa na ubaya gani?

KIILU: Jenereta yenu, Nthenya. Inazima bila hodi. Mbuvi alitaka orodha ijihifadhi yenyewe huku wewe ukiendelea kuandika. Za kitabu zilikuwa zinakusimamisha, ungoje kwanza. Mimi nikampa hiyo.

NTHENYA: Ikafanya kazi.

KIILU: Miaka mitatu. Sasa mashine mpya imekuja na mfumo mpya. Wenye kuutengeneza hawakuwa wameahidi mtu kitu, wakageuza. Unaita ile nambari, unajibiwa mambo mengine kabisa.

NTHENYA: Uliijaribu mara ngapi?

KIILU: Ati?

NTHENYA: Hapa anasema uliijaribu. Mara ngapi?

KIILU: Mara moja. Kwa mashine moja, ile ya shule.

NTHENYA: Sawa. Nifanye nini?

KIILU: Ile mashine ya zamani mliitupa?

NTHENYA: Iko hapa chini ya meza. Nimeifunika leso.

KIILU: Iwashe. Chomoa waya wa kioo kwa ile mpya, uchomeke kwa hiyo. Halafu tia ile disketi ya orodha.

NTHENYA: Ngoja nikuweke kando. (kishindo, kiti kinaburutwa)

KIILU: Nthenya? ...Kuna mtu hapa nje anataka simu. Nthenya?

NTHENYA: Inanguruma. Inahesabu hesabu zake... Sasa imenyamaza, inangoja.

KIILU: Andika jina la programu, kama zamani.

NTHENYA: Nimeandika.

KIILU: Na?

NTHENYA: Imefunguka.

KIILU: Majina yapo?

NTHENYA: Arobaini na moja. Wa kwanza ni Shamso Samatar, kisima cha soko la mbuzi. Halafu Ndululu. Halafu mzee Gabow. Wako wote.

KIILU: Ashukuriwe Mungu. Chapa sasa hivi, kabla jenereta haijazima. Chapa mara mbili.

NTHENYA: Naskia inachapa. (laini inakwaruza) Mwalimu, imechukua muda gani?

KIILU: Kuchapa?

NTHENYA: Hii yote. Kutoa waya, kutia waya.

KIILU: Sijui. Dakika sita. Saba.

NTHENYA: Kwa hivyo ni hiyo tu.

KIILU: Ni hiyo tu.

NTHENYA: Mimi ndiye nilimwita, unajua. Nilimwambia njoo, hii kitu yako imekataa. Akapanda lile lori lililopata ajali, Nairobi, Alhamisi asubuhi, kwa sababu mimi nilimwita. Nimekaa na hiyo wiki mbili.

KIILU: Nthenya, si wewe. Sikiza. Alinipigia Jumatano. Saa nne, niko darasani. Sekretari akaniletea kikaratasi: "Mbuvi anauliza juu ya ile nambari, mpigie." Nikasema nitapiga wakati wa mapumziko. Wakati wa mapumziko nikanywa chai. Nilijua ni nini imeharibika. Nilisoma hicho kikaratasi nikajua. Nikaona haya kumwambia ni mimi.

NTHENYA: Najua.

KIILU: Unajua nini?

NTHENYA: Kwamba alikupigia. Aliniambia siku hiyo hiyo. "Siji bado, nangoja Kiilu." Alikaa karibu na simu ya ofisi yao mpaka wakafunga. Jioni akaniambia, labda Mwalimu ana kazi nyingi, wacha nije mwenyewe.

KIILU: Nthenya—

NTHENYA: Karatasi zimetoka. Zimetoka safi.

KIILU: Nitakuja. Jumamosi nitakuja, nikae na mama, nimwambie mwenyewe kwa mdomo wangu—

NTHENYA: Kwanza uitoe hiyo nambari. Uandike ya kitabu. Orodha ikienda polepole, iende polepole.

KIILU: Nitaandika. Lakini mama nimwambie nini? Nthenya? Hiki kidude kinalia, shilingi zimeisha—

NTHENYA: Ongeza.

KIILU: Sina ingine.

NTHENYA: Basi. Kilonzo amefika, anataka orodha. Salimia mkeo Kalondu na watoto.

KIILU: Nthenya, sema kitu. Hata kama ni matusi, niambie—

NTHENYA: Asante kwa kupiga, Mwalim— (laini inakatika)