Mvumo wa Kanda ya Mzee Akonaay

Kwenye gari la kwenda Endagikot, mwalimu mgeni alimwonyesha mwanamke aliyeketi kando yangu CD. Ni kanda ya zamani ya mzee Akonaay, imetolewa upya.

“Kapiga peke yake, mama. Zeze, na huu mvumo unaopeleka kichwa mbali.”

“Huyo ni baba yangu,” mwanamke akajibu. “Mvumo ni mama yangu, Yusta, anasaga mtama kwenye jiwe.”

“Lakini wameandika peke yake.”

“Walioandika, siku ya kurekodi walikula ugali wa nani?”

Mwalimu akasema kilichochapwa kimeshachapwa. Mwanamke akachomoa kalamu mfukoni mwa mwalimu, akaandika kwenye kasha: *Na Yusta, jiwe.*

“Mama, umeniharibia CD!”

“Nimekusahihishia, mwalimu.”

Gari likasimama, mwanamke akashuka. Kalamu alishuka nayo. Niliona, nikanyamaza, maana na mimi nimesaga sana.