Fomu ya Armand Levasseur: Risala ya Washonaji wa Harrow Falls kwa Bi. Winifred Haskell

Mgeni rasmi, Bi. Winifred Haskell, mkuu wa ofisi ya jimbo inayowahudumia wafanyakazi waliopotelewa na kazi. Padri Cyr, mwenye ukumbi huu. Wake, waume na majirani: maharage yako motoni tangu alfajiri na mkate mweusi uko mezani, ila tuvumiliane, maneno yatangulie chakula.

KARIBU

Ulipokuja mara ya kwanza barabara ilikuwa theluji tupu, nasi tulikununia. Tulidhani ni mkubwa mwingine amekuja kutupa pole aondoke zake. Ukavua koti, ukavuta kiti, ukauliza, "Nani hapa anajua kazi imekwenda wapi?" Leo umekuja kuwakabidhi vyeti wenzetu kumi na tisa. Karibu, mama. Safari hii hakuna aliyenuna.

TULIKOTOKA

Kwa miaka themanini mji huu ulishona viatu vya ngozi kwa mkono. Mshonaji hutoboa kwa msharasi, hupitisha uzi wa nta, kisha hufungua mikono yote miwili kama anayetaka kumkumbatia ng'ombe, akakaza. Usipokwenda sawa na jirani yako, unampiga kiwiko cha pua. Ndivyo tulivyojifunza kuishi pamoja.

Kila kasha la viatu lilitoka na kikaratasi chenye namba ya benchi. Jina halikuandikwa. Aliyejisahau akaandika jina lake, chumba kizima kilimuuliza, "Bwana mkubwa, tusimame tukupigie saluti?"

Kisha kazi ikahamishiwa Jamhuri ya Dominika. Walioletwa kutoka huko kujifunza kwetu walikuwa watu wema, na mikono yao ni myepesi. Hatuna kinyongo nao.

MLIYOTUTENDEA

Sheria inayowasaidia watu ambao kazi yao imehamishiwa ng'ambo ilitaka watu watatu tu waombe msaada kwa niaba ya wote. Barua yetu ilipelekwa makao makuu ya jimbo na Armand Levasseur, mshonaji wetu hodari kuliko wote, kwa gari lake, katikati ya dhoruba. Kampuni ikajibu kwamba biashara imedorora tu, hakuna kilichohama. Ungeweza kuishia hapo, mama, na hakuna ambaye angekulaumu. Wewe ukafukua hati za bandarini mpaka ukaziona kalibu zetu za mbao za kuundia viatu, zile zile zilizochongwa hapa, zimepakiwa kwenda ng'ambo. Ombi likapita.

Serikali ikatulipia ada na kutupa posho ya kujikimu tukiwa darasani. Solange Ouellette aliacha shule akiwa na miaka kumi na tano. Leo ni muuguzi msaidizi, na anasema wagonjwa wana adabu kuliko wasimamizi wa kiwanda. Tumezoea kusikia kwamba serikali haina macho. Sisi tumeyaona.

PALIPOKWAMA

Armand hayumo katika wale kumi na tisa. Solange, ambaye ni shemeji yake, alimfuata mpaka jikoni kwake.

"Nina miaka hamsini na minane," Armand akasema. "Nikakae na vitoto vyenye chunusi?"

"Kaa nyuma, shemeji. Chunusi haziambukizi."

"Na nikifeli?"

Hilo ndilo lililokuwa moyoni, na alilitamka mara moja tu.

Siku ya mwisho kabisa alijaza fomu ya kusomea ufundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto, akaitumbukiza mwenyewe katika sanduku la ofisi. Mahali pa jina aliandika: Benchi 41. Mgeni rasmi, usicheke. Au cheka kidogo. Wanane wetu tulikosea vivyo hivyo. Sisi tulijaza mapema, fomu zikarudishwa, tukasahihisha. Yake iliporudi, muda ulikwisha kupita. Kuchelewa ni kosa lake, hatulifichi. Ile namba ni mazoea ya miaka thelathini na sita ya kazi safi.

OMBI

Tulikuwa tumeandika maombi matano. Jana tuliyafuta manne.

Rufaa ya Armand iko mezani kwako, na Ijumaa inafungwa. Ikikataliwa, yeye na mkewe Delphine watauza nyumba alimozaliwa Armand, waende kuishi kwa binti yao, Connecticut. Tunaomba ofisi yako ikubali kwamba fomu ile ilifika kwa wakati, na kwamba aliyeijaza anajulikana. Tupo hapa watu sitini na wawili tunaomjua. Muulize yeyote.

Yeye hakututuma. Ameketi karibu na mlango, kofia amekwisha kuivaa, na kwa tunavyomjua ataondoka kabla hatujamaliza kusoma.

Kaa, Armand. Tumekwisha kusema.

Mgeni rasmi, Mungu akurudishe nyumbani salama, barabara isiteleze, na mkono wako usichoke kutia sahihi.

Ni sisi, washonaji wa mkono wa Harrow Falls, wote sitini na watatu.